Kichefuchefu cha Rubani wa Jeshi

Kichefuchefu cha angani humpata rubani wa jeshi kama kinavyompata abiria wa matatu inayoteremka Mai Mahiu, hasa rubani huyo akiwa bado mwanafunzi. Huanza kwa miayo na mate kujaa kinywani, likafuata jasho jembamba la baridi, uso ukasawijika, na mwisho tumbo likakataa. Chanzo chake si woga. Ndani ya kila sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, vinavyoupasha ubongo habari kila kichwa kinapozunguka. Ndege inapobingirika na macho ya mwanafunzi yameinamia ramani mapajani, sikio linasema mwili unazunguka, macho yanasema umetulia. Ubongo ukiletewa habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linaloumia. Aliyeshika usukani huathirika kidogo kuliko aliyeketi tu, kwani anajua ndege itapinda wapi kabla haijapinda. Ndiyo maana mwalimu mwema akimwona mwanafunzi anabadilika rangi humwachia usukani na kumwambia atazame mbali, pale mbingu inapokutana na ardhi.

Nairobi imewafunza marubani wa vita tangu zamani. Novemba 1939, Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, alijiunga hapa na jeshi la anga la Uingereza, akajifunza kurusha Tiger Moth, ndege isiyo na paa. Kimo chake kilikaribia mita 2. Kichwa kilipita juu ya kioo cha mbele, na upepo ukamkaba pumzi hadi akajifunga kitambaa puani na mdomoni. Katika ndege ya namna hiyo, anayetapika bila kupima upepo hurudishiwa usoni. Jeshi la Wanahewa la Kenya lilipoundwa tarehe 1 Juni 1964, lilianza mafunzo Eastleigh kwa ndege za Chipmunk, zenye kifuniko cha kioo. Humo tatizo ni harufu: mwalimu na mwanafunzi huivumilia pamoja mpaka kutua.

Anga la magharibi mwa jiji nalo halina huruma. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Ukiipita Lang'ata na Karen, milima ya Ngong inapanda hadi mita 2,460, kisha ardhi inaporomoka kuingia Bonde la Ufa. Alasiri, jua likishachemsha hewa na upepo wa mashariki ukivuka vilele hivyo, ndege ndogo hurushwa juu na kuangushwa kama ungo unaopepeta mchele. Asubuhi na mapema hewa huwa tulivu zaidi.

Utani umeshika mizizi katika kazi hii. Marubani wa Marekani husema chakula bora kabla ya kuruka ni ndizi mbivu, kwa kuwa ladha yake ni ileile ikishuka na ikipanda. Mwaka 1985 Seneta Jake Garn, rubani wa zamani wa jeshi mwenye zaidi ya saa 10,000 angani, alikwenda anga za juu kwa chombo cha Discovery akaugua vibaya sana. Wanaanga wakaligeuza jina lake kuwa kipimo: Garn 1 ndicho kiwango cha juu kabisa cha kuugua. Mzaha huu una faida kubwa. Mwanafunzi anayeona aibu huficha hali yake, na kuificha ukiwa kwenye usukani ni hatari kubwa kuliko kutapika; akijua hata wakongwe hutapika, atasema mapema.

Dawa zipo, lakini nyingi huleta usingizi, kwa hiyo rubani anayeruka peke yake hazimfai. Tiba ya kutegemewa ni mazoea: kuruka mara kwa mara, mizunguko ikiongezwa polepole. Asiyezoea kwa njia hiyo, baadhi ya majeshi humrudisha ardhini na kumkalisha kwenye kiti kinachozunguka, akiinamisha na kuinua kichwa siku baada ya siku, kasi ikiongezwa kila tumbo linapokubali. Wengi hurudi kuruka.