Kusaidia wengine, kukimbia, kuimba na kutembeleana: namna ya kupanga maisha ugenini



Safari hii tunazungumza na ndugu zetu wanaoishi nje ya nchi na bado wamebeba kazi ya kusaidia wengine: viongozi wa kamati, akina mama wanaosimamia vikundi vya wajane, vijana wanaofundisha watoto bila mshahara. Wako Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita. Wako Nakivale nchini Uganda na Kakuma nchini Kenya, na wengine wamefika Ulaya na Marekani. Wengi wana shida moja: wanajitolea mpaka wanaishiwa nguvu, kisha wanaacha yote, na kikundi kinavunjika.

Kwa nini tunachoka

Nyumbani mtu mwenye shida alikuwa na ukoo, majirani, mchungaji na chifu. Ugenini, yule anayejua lugha ya maofisi anageuka kuwa hao wote. Usiku anaamshwa kupeleka mgonjwa, asubuhi anatafsiri, mchana yuko kikaoni, jioni simu inaita kutoka Uvira au Bukavu kuomba pesa ya shule. Anaona haya kukataa, maana yeye yuko salama na wengine wako vitani.

Jambo hili linagusa amani moja kwa moja. Mpatanishi aliyekosa usingizi anasikiliza upande mmoja tu na kukata maneno haraka ili aende kulala. Ndivyo ugomvi wa foleni ya maji unavyogeuka ugomvi wa makabila.

Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwa anayeshika yote siku moja. Lakini mambo manne yakipewa kila moja siku yake, yanasaidiana.

Kukimbia

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini, na kutembea haraka kunahesabiwa. Mazoezi yanasaidia usingizi na kupunguza mawazo mengi.

Kukimbia pia kunakutanisha watu. Tegla Loroupe wa Kenya, aliyeshinda mbio za New York mwaka 1994 na 1995, alianzisha mwaka 2003 mbio za amani kwa jamii za wafugaji zilizokuwa zikiibiana mifugo. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma, na wawili walikuwa Wakongomani wa mchezo wa judo waliokuwa wakiishi Brazil.

Kimbieni kwa kikundi, mchana, na akina mama wasiachwe peke yao njiani. Pale ambapo sheria ya kambi inakataza kutoka bila kibali, zungukeni ndani ya mipaka.

Kuimba

Muziki ni mali tuliyobeba bila mzigo. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Huko Goma, mwezi wa Februari 2014, miezi michache baada ya vita vya M23 vya wakati ule, tamasha la Amani lilikusanya vijana kuimba na kucheza pamoja.

Kwaya ina kazi nyingine iliyofichika: mwimbaji anajifunza kushusha sauti yake ili amsikie jirani. Lakini angalieni: kwaya ya kabila moja tu inaweza kuwa ukuta. Fundisheni nyimbo za lugha za wenzenu pia.

Marafiki

Rafiki ni yule anayekuja bila karatasi ya kutiwa sahihi. Kiongozi anazungukwa na watu siku nzima na bado anakuwa mpweke, maana wote wanakuja na shida. Tafuta wawili au watatu wa kuketi nao tu, na mmoja awe wa kabila lingine. Siku uvumi mbaya utakapoingia kambini, huyo ndiye utakayemuuliza ukweli kabla ya watu kuokota mawe.

Kupanga juma

1. Kila kazi ya kikundi iwe na watu wawili wanaoijua. Mmoja akipumzika, kazi isilale.

2. Tangazeni siku na saa za kupokea wenye shida. Ugonjwa na hatari tu ndivyo vivunje mpango huo.

3. Chagueni asubuhi tatu za kukimbia na siku mbili za kutembea, jioni moja ya kwaya, na alasiri moja ya kutembelea rafiki. Kikao kisichukue alasiri hiyo.

4. Kwa ndugu walio nyumbani, semeni mapema kiasi mnachoweza kutuma na mwezi gani. Ahadi ndogo inayotimizwa inalinda udugu kuliko kubwa inayovunjika.

5. Mume na mke wapange pamoja. Mama naye apate saa zake, na watoto wabaki na mzazi mmoja.

Viongozi, anzeni ninyi. Watu wakiona mwenyekiti anapumzika bila aibu, nao watathubutu, na kazi ya amani itaendelea hata vita vikichelewa kuisha.

Amani iwe nanyi.