Jicho la mbwa haliponi na dawa umeshabadilisha mara tatu? Soma hapa kwanza

Leo tuwaache kuku na nyanya kidogo, tumzungumzie mlinzi wa hilo banda na paka anayelinda chakula cha kuku wasikile panya.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mmoja anayefuga kuku wa mayai. Mbwa wake alikuwa anatoa tongotongo la kijani jicho la kushoto, wiki ya tano sasa. Alianza na tetrasaiklini ya mafuta, siku ya tatu akaona haisaidii akahamia matone ya kloramfenikoli, halafu jentamaisini. Dukani wameshamwambia sasa anunue siprofloksasini kwa sababu "mdudu ameshakuwa sugu". Swali lake kwangu lilikuwa moja tu: kaka, ipi kali zaidi ya hizo?

Nikamwambia asinunue kitu kwanza, ampeleke kwa daktari wa mifugo. Daktari akaweka matone ya ganzi, akainua kope la tatu (ile ngozi nyembamba inayojificha kwenye kona ya ndani ya jicho), akachomoa kipande cha mbegu ya nyasi. Kidogo tu, kina vimiba. Dawa zilikuwa zinaua bakteria, mbegu inakaribisha wengine. Ilipotoka, jicho likapona kwa ile tetrasaiklini ya mwanzo.

Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Dawa ikishindwa tunakimbilia dawa nyingine, kumbe kinachotakiwa kubadilika ni uchunguzi. Kwa mbwa, bakteria wa jicho mara nyingi huingia baada ya kitu kingine kufungua mlango: mbegu kama hiyo, mkwaruzo, ukope uliojikunja ndani nywele zikawa zinasugua jicho, au jicho kavu lisilo na machozi ya kutosha. Jicho kavu linadanganya sana. Ute unakuwa mzito, unanata, ukiweka antibaiotiki unapungua siku chache kisha unarudi palepale, mwenye mbwa anasema "sugu". Daktari anapima kwa kipande cha karatasi maalumu kinachowekwa ukingoni mwa jicho kwa dakika moja. Machozi yakilowesha milimita 15 au zaidi, ni kawaida. Chini ya 10, hapo kuna shida, na tiba yake ni dawa ya kurudisha machozi, mara nyingi maisha yote ya mbwa.

Paka ni habari nyingine. Kwao macho mekundu yenye kutoa maji husababishwa sana na virusi vya herpesi vya paka au bakteria wa klamidia. Virusi haviuliwi na antibaiotiki yoyote, hata ya bei gani. Klamidia inauawa, ila matone peke yake hayatoshi maana bakteria hao hawakai machoni tu. Daktari kwa kawaida huandika doksisaiklini ya kumeza, wiki nne hivi. Kidonge hicho usimpe paka kikavu. Mmiminie maji kidogo baada yake, kikikwama kinaunguza umio.

Sasa usugu wenyewe upo, sikatai. Kuna Staphylococcus wanaoishi kwenye ngozi ya mbwa ambao wameshazoea dawa nyingi, na kuna Pseudomonas, huyu ni balaa. Akiingia kwenye kidonda cha kioo cha jicho anaweza kukiyeyusha ndani ya siku moja au mbili. Ukiona kioo kimekuwa cha kijivu na kinalegea kama uji, usisubiri kesho. Hapo matone yanawekwa kila saa moja au mbili, usiku na mchana, na daktari ndiye anayepanga.

Kujua kama ni sugu kweli, daktari anachukua usaha kwa pamba safi na kuupeleka maabara ukaoteshwe na kujaribiwa dawa mbalimbali. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) wana vituo vya kanda, na hospitali ya wanyama ya SUA pale Morogoro ipo. Sampuli ichukuliwe kabla hujaanza dawa mpya, la sivyo inaweza isiote kitu. Siprofloksasini na ofloksasini ziachwe kwa kesi kama hizi. Ukizifanya za kuanzia kila tongotongo, siku ya kidonda cha Pseudomonas utakuwa umeshazichosha.

Kosa langu mwenyewe niliseme. Nikiwa mgeni kazini, mbwa wangu alikwaruzwa jicho na paka. Nikanunua matone dukani, muuzaji akasema ni kiboko. Siku iliyofuata wekundu umeisha, nikafurahi. Siku ya nne jicho likatoboka. Kusoma chupa vizuri, ndani kulikuwa na deksamethasoni. Hizo steroidi zinashusha wekundu lakini zinalegeza kinga na kuzuia kidonda kufunga. Kwa hiyo soma maandishi madogo: ukiona jina linaloishia na "sone" au "solone", usiweke mpaka daktari apime kwa rangi maalumu ya njano inayowaka kijani mahali kioo kilipochubuka.

Kuweka dawa: safisha tongotongo kwanza kwa maji safi ya vuguvugu. Tone moja linatosha, jicho halibebi zaidi. Kama kuna dawa mbili, pisha dakika tano, na ya mafuta iwe ya mwisho. Ncha ya chupa isiguse jicho. Asijikune, ndoo ya zamani iliyokatwa kitako inafaa kuwa kola. Maliza siku ulizoandikiwa hata kama jicho limeng'aa, maana ukikatiza njiani wanaobaki ni wale wagumu. Chupa ikishafunguliwa wiki nne, tupa.

Na kwa ninyi mnaouza maziwa na mayai: kloramfenikoli iliyobaki usiimalizie kwenye jicho la ng'ombe, mbuzi wala kuku. Kwa baadhi ya watu dawa hii husimamisha utengenezaji wa damu mwilini. Ni nadra lakini inaua, na hakuna kiwango cha mabaki yake kwenye chakula kinachohesabika salama. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa wanyama wa chakula tangu 1994. Hata ukimwekea mbwa, nawa mikono kwa sabuni kabla hujaenda kukamua.