Upigaji picha wa misuli na kano
Upigaji picha wa misuli na kano ni matumizi ya vyombo vya kitabibu kuonyesha jinsi viungo hivyo vinavyobadilika kutokana na mazoezi. Kano ni nyuzi imara zinazounganisha misuli na mifupa.

Chombo kinachotumika sana ni ultrasaundi. Hurusha mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, kisha huunda picha kutokana na mwangwi wake. Haitumii mionzi, tena huonyesha msuli ukiwa katika mwendo.

Utafiti wa Yoko Kunimasa na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulilinganisha wakimbiaji hodari wa mbio ndefu wa Kenya na Wajapani wasio na mazoea ya kukimbia. Wakenya walionekana kuwa na kano ndefu zaidi ya Achilles, iliyo juu ya kisigino. Mguu ukikanyaga, kano hiyo huvutika kama mpira, kisha hurudisha nguvu.

Hata hivyo, picha ya siku moja haitenganishi maumbile ya kuzaliwa na matokeo ya mazoezi. Ili kuyajua hayo, mtu yuleyule hupimwa kabla ya mazoezi na tena baada ya wiki au miezi kadhaa. Kwa kawaida kano hubadilika polepole kuliko misuli, hivyo kuongeza mazoezi ghafla kunaweza kuiumiza.