Ufundi wa Benki Kuu hauna soko

Mhitimu wa uchumi akiajiriwa na benki ya biashara, anaingia kwenye kazi ambayo majirani wengi wa mwajiri wake nao wanaifanya: kukusanya amana, kukopesha, kuwafuatilia wadaiwa sugu. Wakishindwana, huvuka barabara akaomba kazi kwa mshindani. Benki Kuu haina mshindani. Katika nchi nzima ni hiyo moja tu inayopanga riba ya kuongozea uchumi, inayotunza akiba ya fedha za kigeni na inayoweza kuamka asubuhi ikafunga benki ya mtu. Kwa sababu hiyo, ufundi wake hauna soko la ajira: aliye nao ameupata ndani ya Benki Kuu, ya kwake au ya nchi nyingine. Programu za kuwalea wahitimu, ambazo mara nyingi huhesabiwa kama hisani kwa vijana au pambo la idara ya utumishi, zinastahili kuangaliwa kwa jicho hilo. Ni uanagenzi, kama wa seremala au mfua chuma, na hauna njia ya mkato.

Historia ya kanda yetu inathibitisha. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ilitoa shilingi na kuzibadilisha kwa pauni, basi. Sera ya fedha haikuwa kazi yake. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilipofungua Benki Kuu zao, majengo na sheria vilipatikana haraka kuliko watu. Kenya ilianza na gavana wa kigeni, Leon Baranski kutoka Poland, kabla Duncan Ndegwa hajashika usukani 1967. Tanzania ilimchukua Edwin Mtei kutoka Hazina. Vyuo vilivyofuata, chuo cha Benki Kuu ya Tanzania (BoT) pale Capri Point mjini Mwanza, chuo cha masomo ya fedha cha Benki Kuu ya Kenya (CBK) jijini Nairobi, taasisi ya kikanda ya usimamizi wa uchumi na fedha, MEFMI, iliyoko Harare, vyote ni majibu ya pengo lile lile. Hata hivyo, darasa lina mpaka wake. Mwanafunzi anaweza kufundishwa kanuni ya mtaji wa benki kwa wiki moja. Kutambua kwamba mizania aliyopewa imepikwa ni somo la miaka.

Mfano uko karibu. Benki ya Imperial ya Kenya ilipowekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, CBK ilitangaza kwamba ni bodi ya benki hiyo yenyewe iliyopeleka taarifa za mwenendo usiofaa uliokuwa ukiendelea ndani. Ilipokuwa inafungwa, vitabu vyake vilikuwa vimeshapita mbele ya wakaguzi wengi, wa ndani na wa nje. Shahada nzuri wote walikuwa nazo. Kinachokosekana katika hali kama hiyo ni pua ya kunusa, na pua hiyo hupatikana kwa kukaa miaka kando ya mkaguzi mzoefu anayejua ni faili lipi la mikopo lisiloletwa mezani mpaka liulizwe kwa jina.

Waliotangulia wamelifikia jambo hili kwa njia tofauti. Benki Kuu ya India huchuja maofisa wake wa Daraja B kwa mtihani wa taifa wa awamu mbili, kisha usaili. Benki Kuu ya Ulaya, kule Frankfurt, huwachukua wenye shahada ya uzamili na kuwazungusha idara kadhaa kwa miaka miwili. Benki ya Uingereza ina desturi ya kuwachukua wangali wachanga tangu zama za makarani. Mmoja wao, Kenneth Grahame, aliingia 1879 akapanda hadi kuwa Katibu wa benki, ingawa dunia inamkumbuka kwa hadithi ya watoto. Katika mbinu zote hizi, ninayoiona kuwa na thamani kubwa ni huo mzunguko wa idara. Chukua benki ndogo inayokopa kila siku kwenye soko la fedha baina ya mabenki. Dawati la masoko linaona riba ikipanda, wasimamizi wanaona mikopo chechefu ikiongezeka, wa mifumo ya malipo wanaona miamala inachelewa kukamilika. Kila mmoja ameshika sehemu ya tembo. Aliyewahi kukaa madawati yote matatu ndiye anayenyanyua simu kuuliza.

Kwa Tanzania haja imekuwa kubwa zaidi tangu Januari 2024, BoT ilipoacha kulenga ujazi wa fedha na kuanza kuongoza kwa riba, ikianzia asilimia 5.5, kisha 6 Aprili mwaka huo, na 5.75 Julai 2025. Kuhesabu fedha zilizomo kwenye mzunguko ni kazi ya takwimu. Riba hutaka zaidi: kukisia bei za miezi ijayo, na kuueleza uamuzi kwa lugha ambayo mwenye duka Kariakoo ataielewa na kuiamini. Maofisa wa namna hiyo hawapatikani kwa tangazo la kazi lenye sharti la uzoefu wa miaka mitano, kwa kuwa waliopata uzoefu huo nchini walikuwa chini ya mfumo wa zamani.

Zipo hoja za kupinga. Ya kwanza ni kwamba benki za biashara zitawanyakua vijana wakishaiva. Ni kweli, zitawanyakua, na mkataba wa kutumikia miaka kadhaa unaweza tu kuchelewesha. Lakini mkaguzi wa zamani akikaa upande wa pili kama mkuu wa idara ya vihatarishi, anajua msimamizi atauliza nini, na nchi haijapoteza kitu. Hasara huja anapoondoka leo kesho akarudi kuwashawishi wenzake wa jana. Dawa yake ni kipindi cha kupoa kabla ya kuajiriwa na benki aliyoikagua.

Ya pili huumiza zaidi: kwamba nafasi hizi, wasemavyo mitaani, ni za watoto wa vigogo. Shaka hiyo haiondolewi kwa kufuta programu. Nafasi moja inayojazwa kimyakimya katikati ya mwaka ni rahisi kupindwa kuliko mtihani wenye tarehe inayojulikana na matokeo yanayobandikwa. BoT ina mfuko wa ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ulioanzishwa 2009 kwa wanafunzi waliong'ara katika masomo kama hisabati, sayansi na uchumi. Kuwaruhusu wafadhiliwa hao kushindania uanagenzi kungeingiza vijana ambao mjomba wao hayumo kwenye jengo.

Wengine watauliza faida iko wapi ikiwa kiti cha juu hujazwa kutoka nje. Magavana Emmanuel Tutuba wa Tanzania na Kamau Thugge wa Kenya walipitia Hazina; Florens Luoga, aliyemtangulia Tutuba, alikuwa profesa wa sheria. Gavana, hata hivyo, huamua juu ya karatasi alizoandaliwa. India ina desturi ya kutenga viti viwili kati ya vinne vya naibu gavana kwa maofisa waliokulia humo humo, na Uganda ina gavana Michael Atingi-Ego, aliyekuwa mtafiti wa benki hiyo kabla ya kwenda Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na kurejea. Ukitaka kuipima programu yoyote, usihesabu waliohudhuria sherehe ya kufunga mafunzo. Uliza wako wapi katika mwaka wa kumi, na ni wangapi kati yao wanaotia saini ripoti za ukaguzi.