Mgongo ukiuma baada ya mechi: kairopraktiki na wanamichezo wa Washington

WASHINGTON, D.C. – Kuanzia majira ya kuchipua hadi majani yanapopukutika, kila Jumapili viwanja vya mpira vya Silver Spring, Langley Park, Hyattsville, na ng'ambo ya mto Potomac upande wa Alexandria, hujaa Waafrika Mashariki waliokwisha kutimiza miaka thelathini na ushee. Wengi wao hawajafanya mazoezi wiki nzima. Wanashuka kwenye gari, wanafunga kamba za viatu, wanaingia uwanjani na kukimbia dakika tisini kama vile bado wako shule ya sekondari.

Jumatatu alfajiri watu hao hao wana kazi. Yuko anayewainua wagonjwa vitandani katika nyumba za wazee, yuko anayeendesha teksi saa kumi na mbili mfululizo, yuko anayebeba masanduku ghalani. Kwa hiyo mgongo ukikaza au msuli wa paja ukivutika, kinachopotea si mechi ya wiki ijayo. Ni kodi ya nyumba, na ni fedha zilizokuwa zitumwe nyumbani mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoelekezwa kwa tabibu wa kairopraktiki. Vibao vyao viko kila mtaa wa eneo hili, na mara nyingi ni rahisi kupata miadi kwao wiki hiyo hiyo, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu daktari bingwa wa mifupa. Lakini wengi huingia mlangoni bila kujua hasa tabibu huyu anatibu nini, na hatibu nini. Katika majeraha ya michezo, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Kwanza tuondoe utata mdogo unaowachanganya wageni wa jiji hili. Herufi D.C. zinazoandikwa baada ya jina la tabibu hazina uhusiano wowote na jiji la Washington. Ni kifupi cha shahada ya udaktari wa kairopraktiki, na utaikuta pia Texas na California. Mwenye shahada hiyo amesoma chuo cha kairopraktiki kwa takriban miaka minne baada ya masomo ya awali ya chuo, akafanya mitihani ya kitaifa na kupewa leseni. Si daktari wa hospitali kwa maana tuliyoizoea. Katika Maryland, Virginia na jiji la Washington haandiki dawa wala hafanyi upasuaji. Kazi yake kubwa ni ya mikono: anapapasa pingili za uti wa mgongo na viungo, kisha anasukuma kwa nguvu ya ghafla na ya kipimo ili kiungo kilichokaza kilegee.

Ule mlio unaosikika, "ko!", ndio uliowapa sifa na ndio unaowatisha watu. Wengi huamini kwamba ni mfupa unaorudi mahali pake. Sivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI wakati vidole vikivutwa hadi vikalia, wakaona nafasi ya gesi ikijitokeza ghafla ndani ya majimaji ya kiungo. Mfupa haukuwa umehama. Kwa hiyo mlio si kipimo cha tiba, na kutosikika kwake hakumaanishi umelipa bure.

Asili ya taaluma hii ni ya ajabu kidogo. Ilianza mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, pale D.D. Palmer alipodai kwamba alimrudishia uwezo wa kusikia Harvey Lillard, Mmarekani mweusi aliyekuwa mfanya usafi wa jengo lake, kwa kumsukuma pingili ya mgongo. Palmer alijenga juu ya tukio hilo nadharia kwamba karibu maradhi yote chanzo chake ni pingili zilizokaa vibaya. Madaktari waliipinga nadharia hiyo kwa nguvu zote, na hadi leo haijathibitishwa. Mwaka 1906 Palmer mwenyewe alifungwa kwa kutibu watu bila leseni. Ugomvi uliendelea kwa miongo mingi. Louisiana ilikuwa jimbo la mwisho kuwapa matabibu hawa leseni, mwaka 1974, na mwaka 1987 mahakama ya shirikisho ilitoa hukumu kwamba Chama cha Madaktari wa Marekani kilivunja sheria za ushindani kwa kula njama ya kuwasusia.

Tunayaeleza haya kwa sababu mgawanyiko huo bado upo ndani ya taaluma yenyewe. Wapo wanaoshikilia nadharia ya Palmer na kuahidi kutibu pumu, shinikizo la damu na masikio ya watoto. Wapo pia, na ni wengi, waliojikita katika maumivu ya mgongo, shingo na viungo, wanaotoa mazoezi na kushirikiana na madaktari. Mwanamichezo aliyeumia anamhitaji huyu wa pili.

Michezoni walikubalika mapema kuliko hospitalini. George Goodheart aliteuliwa kuwa tabibu wa kwanza wa kairopraktiki katika timu rasmi ya Marekani kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Lake Placid mwaka 1980. Nyota wa mpira wa Kimarekani Jerry Rice amesema hadharani kwamba alitegemea tiba hiyo alipokuwa akicheza. Hata hivyo, ushuhuda wa bingwa si utafiti; bingwa ana wakandaji, madaktari na wapishi wanaomshughulikia kila siku.

Utafiti wenyewe uko, na sehemu yake imefanyika hapa hapa jirani. Jeshi la Marekani lilianza kuijaribu kairopraktiki katika hospitali zake mwaka 1995, na sheria iliyopitishwa mwaka 2000 ikaifanya kuwa huduma ya kudumu kwa wanajeshi walio kazini. Miongoni mwa vituo hivyo ni hospitali ya Walter Reed iliyoko Bethesda, Maryland. Hospitali hiyo ilikuwa moja kati ya tatu zilizoshiriki katika jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalichapishwa Mei 2018. Wanajeshi 750 wenye maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, wa umri wa miaka 18 hadi 50, waligawanywa kwa kura: nusu wapate matibabu ya kawaida peke yake, na nusu wapate hayo pamoja na kairopraktiki. Baada ya wiki sita, waliopata vyote viwili walikuwa na maumivu pungufu kwa takriban alama moja katika kipimo cha sifuri hadi kumi, na waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi.

Alama moja si muujiza. Aidha, wanajeshi walijua wanapata tiba gani, na hilo peke yake humpa mtu matumaini. Lakini kwa mtu ambaye kesho lazima ainame na kunyanyua, nafuu hiyo si ya kubezwa. Mwaka 2017 Chuo cha Madaktari wa Tiba cha Marekani nacho kilishauri kwamba kwa mgongo ulioanza kuuma karibuni, vianze vitu kama joto, kukandwa, vitobo vya sindano za Kichina au kusukumwa pingili, kabla ya kukimbilia vidonge. Kilikiri kwamba ushahidi wa kusukuma pingili ni hafifu, na kwamba migongo mingi hupona yenyewe kadiri muda unavyopita.

Basi mgongo uliokaza baada ya mechi, shingo iliyogoma kugeuka, nyonga nzito baada ya mbio ndefu: hayo ni mambo ya kumpelekea tabibu wa kairopraktiki, na aliye hodari atakupa mazoezi ya kufanya nyumbani pamoja na kukusukuma. Wakimbiaji wanaojiandaa kwa mbio za Cherry Blossom za majira ya kuchipua au marathoni ya Marine Corps ya mwezi Oktoba huwapitia sana.

Tatizo ni yale mengine. Mtu anageuka na mpira, goti linalia "pa!", na kabla ya jioni limevimba kama boga. Hilo huenda ni kano ya ndani ya goti iliyokatika, na hakuna msukumo wa mkono utakaoiunga. Linahitaji daktari wa mifupa na picha ya MRI. Anayehisi kama amepigwa teke nyuma ya kisigino na akigeuka haoni mtu, huyo ashuku kano ya kisigino imekatika, na siku chache za kusubiri humharibia. Mkimbiaji mwenye maumivu ya sehemu moja tu ya mfupa wa muundi, ambayo yanaendelea hata usiku akiwa amelala, anaweza kuwa na ufa. Mfupa wenye ufa hausukumwi.

Kifundo cha mguu ndicho kinachoteguka zaidi, nacho kina kanuni nzuri ambayo tungependa kila nahodha wa timu aikariri. Iliandaliwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya yale mafundo mawili ya mfupa, la ndani na la nje. Bonyeza pia mfupa uliotokeza ubavuni mwa mguu upande wa kidole kidogo, na ule wa katikati ya mguu upande wa ndani. Kama mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, au kama mchezaji hakuweza kupiga hatua nne papo hapo na bado hawezi, apelekwe kupigwa eksirei. Kama si hivyo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana.

Kichwa kikigongwa, habari ni nyingine kabisa. Aliyepigwa kiwiko akazubaa, akatapika au akasahau matokeo ya mechi, asirudi uwanjani na asiguswe shingo na mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari. Na yeyote mwenye mgongo unaouma ambaye anapata ganzi sehemu za siri, anashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu yake inalegea, aende idara ya dharura usiku huo huo. Tunajua kinachowazuia wengi ni hofu ya bili. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha za Medicare kumpima na kumtuliza kila anayefika, awe na bima au asiwe nayo. Bili itakuja, ni kweli, lakini katika Maryland hospitali zinatakiwa kutoa huduma ya lazima bure kwa wenye kipato kisichozidi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho. Fomu huombwa, haziletwi na muuguzi kitandani.

Shingo inahitaji neno la peke yake. Mara chache sana, kusukumwa shingo kwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa unaopeleka damu ubongoni, na matokeo yake ni kiharusi. Mwaka 2016 mwanamitindo mmoja alifariki huko Los Angeles, na uchunguzi wa serikali ya wilaya ulitaja kusukumwa shingo kuwa chanzo. Una haki ya kumwambia tabibu kwamba shingo yako asiisukume, na zipo njia za polepole anazoweza kutumia badala yake. Anayekasirika kwa ombi hilo, vaa viatu uondoke.

Kuhusu fedha, bima nyingi hulipia idadi fulani tu ya ziara kwa mwaka, kwa hiyo piga simu kwanza. Asiye na bima aulize bei kabla ya kulala kitandani. Tahadhari kubwa zaidi ni mikataba ya kulipa mapema: unaambiwa siku ya kwanza, baada ya picha moja ya eksirei, kwamba uti wako umepinda na unahitaji ziara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa, na punguzo lipo ukilipa leo. Kwa maoni yetu, mgongo uliokaza Jumapili usiopata nafuu yoyote baada ya wiki tatu au nne unahitaji uchunguzi mpya, hauhitaji mkataba. Wakati huo mtaalamu wa fiziotherapia ni chaguo zuri, naye katika eneo hili lote unaweza kumwona, kwa kiwango fulani, bila barua ya daktari.

Kwa wasomaji wetu walioko nyumbani, matabibu wa kairopraktiki ni wachache na wako zaidi katika miji mikubwa kama Nairobi. Barani Afrika mafunzo yake yapo Afrika Kusini, katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Fiziotherapia, kinyume chake, haiko mbali. KCMC Moshi na vyuo vya KMTC nchini Kenya vimekuwa vikiwafundisha wataalamu wake kwa miaka mingi, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI. Mkandaji wa mtaani tunamheshimu, na wengi wetu tulilelewa katika mikono yake, lakini naye aonyeshwe ile kanuni ya kifundo kabla hajaanza kuchua mguu uliovimba.

Kwa walioko hapa, leseni ya tabibu hukaguliwa katika mtandao bila malipo. Maryland ina bodi yake ya watahini wa kairopraktiki, Virginia kazi hiyo hufanywa na Bodi ya Tiba ya jimbo, na jijini Washington ni idara ya afya ya jiji. Andika jina kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni. Utaona kama leseni iko hai, na kama tabibu amewahi kuadhibiwa.