Bei ya Sharti na Deni Lake katika Ununuzi wa Biashara Ndogo

Makala hii inakusudia kueleza dhana moja ya uhasibu ambayo haijapata jina lililozoeleka katika Kiswahili, ingawa jambo lenyewe hutendeka. Mtu auzapo biashara yake, huweza kukubali kupokea sehemu ya bei siku ya mapatano, na sehemu nyingine baadaye, endapo biashara hiyo itafikia kiwango fulani cha mauzo au cha faida mikononi mwa mnunuzi. Wanasheria wetu wa Kongo, ambao huandika kwa Kifaransa, huiita sehemu hiyo ya pili complément de prix. Hapa tutaiita bei ya sharti, na wajibu unaomwelemea mnunuzi tutauita deni la sharti.

Huenda msomaji akauliza suala hili la wahasibu lawahusu nini wanafunzi wa lugha. Lawahusu kwa sababu katika miji yetu mapatano ya namna hii husemwa kwanza kwa Kiswahili, kisha huandikwa kwa Kifaransa, na ni katika kuvuka huko ndiko muuzaji awezako kupoteza alichoahidiwa. Mhasibu naye hawezi kuandika hesabu iliyo sahihi kama hajui ahadi yenyewe ilikuwa ya namna gani.

Ifahamike kwanza kwamba bei ya sharti si arbuni. Arbuni, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni fedha atoayo mnunuzi mapema ili mali isiuzwe kwa mwingine. Arbuni hutangulia mali. Bei ya sharti huifuata. Wala si masalio ya bei, kwa kuwa masalio ni deni kamili ambalo limeahirishwa tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Huko Luena, katika mkoa wa Haut-Lomami, kwenye reli itokayo Kamina kuelekea Tenke, mzee mmoja anauza mashine yake ya kusaga mahindi pamoja na banda, akiba ya mafuta na vipuri, na wateja aliowazoea. Kijana anayenunua analipa dola 12,000 papo hapo. Juu ya hizo anaahidi dola 3,000 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, mashine ikifikisha magunia 2,000 ndani ya mwaka huo.

Tusimame kidogo kwenye kitenzi. Kijana akisema, “Mashine ikifikisha magunia 2,000, nitakulipa,” kiambishi -ki- chaeleza jambo lisilo na hakika: huenda likawa, huenda lisiwe. Akisema, “Mashine itakapofikisha magunia 2,000, nitakulipa,” kiambishi -po- chalichukulia jambo hilo kuwa litatokea, ila siku yake ndiyo isiyojulikana. Sentensi ya kwanza yazaa deni la sharti. Ya pili yaweza kusomwa kuwa deni kamili lenye muda: mashine ikichelewa ikafikisha magunia hayo mwaka wa tatu, mzee atadai haki yake, na atakuwa na hoja. Sheria ya Kongo juu ya mikataba, iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, hutenga vilevile wajibu wenye sharti na wajibu wenye muda. Tofauti ambayo mwanasheria huieleza kwa ibara nzima, sarufi yetu huibeba kwa silabi moja. Lakini katika mazungumzo ya kila siku ya Katanga, kama hushika mara nyingi mahali pa viambishi hivyo, na mwenye kutafsiri hana budi kuuliza kilichokusudiwa badala ya kukisia.

Sasa tuingie katika hesabu. Tuseme mashine na banda vyathaminiwa dola 9,000, na akiba ya mafuta na vipuri dola 1,500, jumla 10,500. Ikiwa mnunuzi ataandika zile dola 12,000 tu, zinazobaki, yaani 1,500, ndizo zitakazoonekana kuwa thamani ya jina la biashara na wateja wake. Lakini je, hiyo ndiyo bei aliyokubali? Hasha. Asingalipewa mashine kwa dola 12,000 peke yake. Ahadi ile ilikuwa sehemu ya malipo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nayo ina thamani tangu siku ya kwanza, hata kama si dola 3,000 kamili.

Kanuni ya kimataifa ya taarifa za fedha namba 3, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, yaagiza ahadi hiyo ikadiriwe kwa thamani yake ya haki siku ya ununuzi. Tukiona kwamba kuna nafasi sita katika kumi za kufikia magunia 2,000, makadirio ni dola 1,800. Na kwa kuwa zitalipwa baada ya mwaka, tukitumia riba ya asilimia 20, thamani yake ya leo ni dola 1,500. Gharama ya ununuzi ni basi dola 13,500. Jina na wateja ni 3,000. Na upande wa madeni wa mizania huonyesha deni la sharti la 1,500.

Mwaka ukiisha ndipo panapotokea ajabu inayowashangaza wanafunzi wengi. Mashine ikifaulu, kijana atalipa dola 3,000 huku daftari likionyesha deni la 1,500. Zile 1,500 za ziada huingia katika gharama za mwaka. Mashine isipofaulu, hatalipa kitu, na 1,500 zilizokuwa deni hugeuka kuwa mapato. Kwa hiyo mwaka wa neema huonyesha gharama, na mwaka wa ukame huonyesha pato. Hesabu haikukosea: mapato hayo ni bei ambayo mnunuzi ameokoka kuilipa kwa biashara iliyo duni kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo, anayesoma mstari wa mwisho peke yake atadanganyika, na mkopeshaji angefanya vyema kuuliza pato hilo limetoka wapi.

Kanuni za kimataifa zilizotungwa kwa ajili ya biashara ndogo na za kati zilifuata njia nyepesi zaidi katika matoleo ya 2009 na 2015: ahadi huingizwa katika gharama ikiwa yaelekea kutimia na yaweza kupimwa kwa uhakika, na mabadiliko ya baadaye hurekebisha thamani ya jina la biashara, si faida ya mwaka. Toleo la tatu, lililotolewa Februari 2025 na litakaloanza kutumika rasmi Januari 2027, limesogea kwenye thamani ya haki. Kwa maoni yangu njia ya zamani iliwafaa zaidi wenye mashine za kusaga, kwani ni nani Luena atakayethibitisha nafasi sita katika kumi?

Pamoja na bei ya sharti huja pia madeni ya sharti yaliyorithiwa na biashara. Mfanyakazi aliyeumizwa mkono na mkanda wa mashine amefungua kesi, na hukumu haijatolewa. Kanuni ya kawaida ni kwamba wajibu unaoelekea kuwa na kukadirika hutengewa fungu. Ulio na uwezekano tu huelezwa katika maelezo ya hesabu. Ulio mbali sana hunyamaziwa.

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Makaa ya mawe ya Luena yalichimbwa na kampuni tanzu ya Union Minière du Haut-Katanga. Serikali ilipotwaa mali za Union Minière tarehe 1 Januari 1967, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya fidia. Mapatano ya mwaka 1969 hayakutaja kiasi kimoja cha fedha: Société Générale des Minerais ingepokea asilimia 6 ya thamani ya uzalishaji kwa miaka 15, kisha asilimia 1 kwa miaka 10. Fidia ilifungwa kwenye shaba ambayo ilikuwa bado ardhini.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Tenke na Fungurume. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani ya Freeport-McMoRan iliwauzia China Molybdenum hisa zake katika mgodi huo kwa dola bilioni 2.65, pamoja na bei ya sharti isiyozidi dola milioni 120: milioni 60 iwapo wastani wa bei ya shaba ungepita dola 3.50 kwa ratili katika miaka ya 2018 na 2019, na milioni 60 nyingine iwapo wastani wa kobalti ungepita dola 20. Shaba haikufika, kobalti ilipita, na milioni 60 zikalipwa. Jambo la kujifunza hapo ni kipimo. Bei ya madini hutangazwa hadharani, wala hakuna kati ya wawili hao awezaye kuificha. Magunia ya mzee wetu huhesabiwa na mdeni mwenyewe.

Sheria haikumwacha mikono mitupu. Sharti linalotegemea utashi wa mdeni peke yake hubatilisha wajibu, na mdeni akizuia sharti lisitimie, huhesabiwa kuwa limetimia. Kijana akifunga mashine mwezi wa kumi na moja, ikiwa na magunia 1,950, mzee anayo njia mahakamani. Lakini itambidi athibitishe. Na ikiwa mkataba wasema mzee hatalipwa asipobaki kazini mwaka mzima, basi kwa kanuni za kimataifa fedha ile si bei tena, bali ni ujira, na yapasa kuandikwa hivyo.

Kongo imo katika OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na hesabu za biashara hufuata SYSCOHADA iliyorekebishwa mwaka 2017. Biashara zilizo ndogo kabisa huruhusiwa kutumia mfumo mwepesi uliojengwa juu ya fedha iliyoingia na iliyotoka. Katika daftari la namna hiyo ahadi haijiandiki yenyewe, maana hakuna fedha iliyotembea. Isipoongezwa kwa makusudi mwishoni mwa mwaka, mwenye kuikuta biashara hiyo kesho hataiona. Upande wa muuzaji giza ni zito zaidi, kwani kwa kanuni ya tahadhari faida isiyo na hakika haiandikwi. Mkononi mwake mzee ana karatasi tu. Kwa sababu hiyo karatasi yapaswa kutaja gunia ni la kilo ngapi, mwaka waanza siku gani, nani atashika daftari la usagaji, na kwamba mzee ana haki ya kulikagua kila mwisho wa mwezi.