Mrithi wa Motokaa Mashuhuri: Je, Mwana Lazima Afanane na Baba?

Somo la radio kwa watu wazima. Mfululizo wa masomo juu ya ufundi.

Natumaini kikundi chako kimekwisha kukusanyika, na kwamba mwenye kalamu yu tayari, maana mwishoni yapo maswali ya kuzungumza.

Leo tutazungumza juu ya motokaa za mwendo wa kasi za Italia. Huenda ukasema, "Bwana, motokaa hizo sitazipanda maishani mwangu. Zanihusu nini?" Subiri kidogo. Nimezichagua kwa sababu ndani yake limo swali linalomkabili kila fundi, awe seremala, mshonaji au mjenzi. Fundi mkubwa ameacha kazi iliyosifiwa na wote. Miaka imepita, na wanaokuja baada yake wanataka kuifanya upya. Je, wachukue nini, na waache nini? Katika habari ya leo utaona kwamba swali hilo liliwatenga mzee mmoja na watu waliodhani wanamheshimu.

MIURA, MOTOKAA ILIYOANZA HABARI HII

Bwana Ferruccio Lamborghini alikuwa mtengenezaji wa matrekta. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya motokaa katika mji mdogo wa Sant'Agata Bolognese, kaskazini mwa Italia. Aliwaandika kazi mainjinia vijana, na miongoni mwao walikuwamo Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani. Vijana hao walitaka kufanya jambo ambalo siku zile lilikuwa hasa la motokaa za mashindano, yaani kuiweka injini nyuma ya dereva badala ya mbele yake. Lakini injini yao ilikuwa na silinda 12, nayo ilikuwa ndefu. Basi wakaiweka ikikingama, yaani ikielekea kutoka ubavu mmoja wa gari hadi wa pili.

Mwezi wa Novemba 1965 waliyaonyesha hayo mjini Turin, fremu na injini tu, bila bodi. Mwezi wa Machi 1966 motokaa kamili ilionyeshwa mjini Geneva. Bodi yake ilichorwa katika karakana ya Bertone na kijana wa miaka 27, jina lake Marcello Gandini. Motokaa ikaitwa Miura, jina la ukoo wa Kihispania ulio mashuhuri kwa kufuga mafahali wa kupigana. Ilikuwa fupi kwa kimo, laini kama jiwe lililosuguliwa na maji ya mto, na taa zake za mbele zilizungukwa na mistari meusi mfano wa kope. Zilitengenezwa zaidi ya 750 hata mwaka 1973.

Lakini angalia, msikilizaji: uzuri haukuondoa matatizo. Injini ilikuwa karibu sana na kisogo cha dereva, ikampa joto na kelele. Tangi la petroli lilikuwa mbele. Kadiri petroli ilivyopungua, ndivyo pua ya gari ilivyokuwa nyepesi, na katika mwendo mkali upepo ukataka kuiinua. Makosa hayo yakumbuke, maana ndiyo yaliyomzaa mrithi.

COUNTACH, MWANA ASIYEFANANA NA BABA

Mwaka 1971, miaka 5 tu baada ya Miura, kampuni ileile ilileta Geneva motokaa nyingine, Countach. Mchoraji alikuwa yuleyule, Bwana Gandini. Watu walitazamia kuona Miura iliyopambwa zaidi. Walichokiona ni kabari! Mviringo wote ulikuwa umeondoka. Bodi ilikuwa ya mabapa yaliyonyooka, tangu pua hata kioo cha mbele kama mstari mmoja uliopigwa kwa rula. Hata jina lake halikuwa la fahali, ni neno la mshangao katika lugha ya watu wa Piedmont, mfano wa sisi tusemavyo "Lo!"

Je, Bwana Gandini alikuwa amemkana mtoto wake wa kwanza? Hasha. Alikuwa amefanya pamoja na Bwana Stanzani kitu kigumu zaidi: walirudi kwenye matatizo ya Miura, wakayatafutia majibu mapya.

Kwanza, waligeuza injini, wakailaza kwa urefu wa gari. Kisha wakaweka giaboksi mbele ya injini, katikati ya dereva na abiria. Kwa hiyo uzito ukakaa katikati ya gari, na mkono wa gia ukaingia karibu moja kwa moja katika giaboksi yenyewe.

Pili, milango. Gari lilikuwa pana, na kizingiti chake kilikuwa kinene kwa sababu ya fremu ya mabomba iliyopita pale. Mlango wa kawaida ungehitaji nafasi kubwa ubavuni. Basi bawaba zikatiwa mbele, mlango ukainuka kwenda juu. Bwana Gandini alikwisha kuijaribu njia hiyo mwaka 1968 katika motokaa ya maonyesho iliyoitwa Alfa Romeo Carabo. Tena ilikuwapo faida nyingine: kwa kuwa dereva wa Countach haoni vizuri nyuma, aliweza kufungua mlango, akakaa juu ya kizingiti, akageuza shingo na kurudisha gari nyuma.

Tatu, joto. Gari la mfano lilipojaribiwa barabarani, injini ilipata moto mno. Ubavu ule safi uliosifiwa Geneva ukapasuliwa matundu ya hewa, na mabegani yakaongezwa masanduku ya kuingiza upepo. Hivyo alama ambazo watu walizipenda baadaye, wakazibandika picha zake kutani, zilitokana na haja ya kupoza injini.

Countach iliuzwa tangu mwaka 1974 hata 1990. Kimo chake kilikuwa kama sentimeta 107, yaani futi 3 na nusu. Mtoto wa shule angeweza kutazama juu ya paa lake.

JARIBIO LA MWAKA 2006

Sasa twende mbele. Mwaka 2006 Miura ilitimiza miaka 40. Kampuni, ambayo wakati huo ilikwisha kuwa mali ya Wajerumani, ilionyesha motokaa moja ya mfano iliyochorwa chini ya uongozi wa Walter de'Silva. Ilikuwa Miura ileile: mabega yale, pua ile, mviringo ule, ila imenyoshwa kwa vifaa vya siku hizi. Watu wengi waliipenda, wakauliza itauzwa lini.

Jibu lilikuwa: haitauzwa. Mkuu wa kampuni, Bwana Stephan Winkelmann, alieleza kwamba motokaa ile ni ya kusherehekea historia, lakini kazi ya kampuni yake ni kutazama mbele, si kurudia maumbo ya kale. Yashike maneno hayo, msikilizaji.

COUNTACH YA MWAKA 2021

Mwaka 2021 Countach nayo ilitimiza miaka 50. Mwezi wa Agosti, huko California, kampuni ilionyesha Countach mpya iitwayo LPI 800-4. Safari hii ziliuzwa, nazo zilikuwa 112 tu. Mkuu wa kampuni alikuwa Bwana Winkelmann yuleyule, ambaye aliondoka mwaka 2016 na kurudi mwishoni mwa 2020. Mkuu wa wachoraji alikuwa Mitja Borkert.

Tuipime kazi yao kwa haki. Walikuwa na vizuizi ambavyo Bwana Gandini hakuwa navyo. Sheria ya Ulaya yataka pua ya gari isimwumize sana mwenda kwa miguu akigongwa. Kwa hiyo taa za kuchomoza, kama zile za Countach ya kwanza, haziwezekani kwa urahisi, na wachoraji wakatia taa nyembamba zisizosogea. Gari la leo lahitaji pia sehemu za kubonyea wakati wa ajali ili watu waliomo wapone, na mitambo ya kusafisha moshi. Vyote hivyo vyataka nafasi. Basi Countach mpya ni ndefu kuliko ya mwaka 1974 kwa sentimeta 70 na zaidi, na ni pana zaidi kwa sentimeta 20 hivi.

Ndani yake imo injini ya silinda 12 pamoja na mota ndogo ya umeme. Umeme huo hautunzwi katika betri ya kawaida, bali katika kapasita kubwa, chombo kinachopokea umeme na kuutoa kwa haraka sana. Nguvu zote pamoja ni za farasi 814. Lakini mitambo hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Countach hii. Ilitoka katika motokaa nyingine ya kampuni hiyo, Sián, iliyoonyeshwa mwaka 2019.

Basi kilichobaki cha Countach ni umbo. Tundu la ubavuni lipo. Mlango wa kuinuka upo. Juu ya paa upo mstari unaokumbusha mfereji wa paa la Countach za kwanza. Lakini mfereji ule ulikusudiwa kazi maalumu: dereva atumie kioo cha kutazamia nyuma kwa kupitia paani, mfano wa darubini ya nyambizi. Mstari wa leo ni kumbukumbu tu.

MZEE ANASEMA

Wakati wa matayarisho ya sherehe, Bwana Gandini alikuwa amehojiwa, naye akaonekana katika picha pamoja na Bwana Borkert. Watu wakadhani mzee ametoa baraka zake kwa motokaa mpya. Mwezi wa Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 83, alitoa taarifa kwa watu wote. Alisema kwamba hakushiriki katika kazi ile, wala haionyeshi fikira zake. Alieleza kwamba maisha yake yote alijitahidi kuvunja desturi na kuleta jambo jipya kila mara. Kurudia gari la zamani, kwa maoni yake, ni kukana msingi wa kazi yake. Kampuni nayo ilikiri kwamba hakushiriki katika kuichora.

Mzee huyo alifariki mwezi wa Machi 2024. Hakuwa anagombea fedha. Alikuwa anagombea jina lake, lisitiwe katika kazi ambayo asingeifanya. Yeye mwenyewe alikwisha kuonyesha mwaka 1971 jinsi ya kumrithi gari mashuhuri, na jibu lake halikufanana na Miura hata kwa mstari mmoja.

Lakini tusimhukumu upesi aliyenunua. Anayependa kuliona tena umbo la ujana wake hana kosa, wala fundi anayemtengenezea. Kumbukumbu nayo ina thamani yake. Kosa huanza tunapoiita kumbukumbu kwa jina la uvumbuzi.

NJIA YA KUFUATA

Sasa tuseme wewe ndiwe uliyepewa kazi ya kuchora mrithi wa motokaa ya zamani. Usianze na penseli. Anza na karatasi yenye safu tatu.

Katika safu ya kwanza andika kila alama ya gari la kale, na mbele yake uandike sababu iliyoileta. Mlango wa kuinuka: kizingiti kinene na dereva asiyeona nyuma. Tundu la ubavuni: joto la injini.

Katika safu ya pili ujiulize, "Je, sababu hiyo ingalipo leo?" Ikiwa ingalipo, alama ibaki, kwa kuwa ina kazi. Ikiwa imekwisha, alama imekuwa pambo. Unaweza kuiacha, lakini ujue kwamba ni pambo.

Katika safu ya tatu andika matatizo ya leo ambayo gari la kale halikuyajua: usalama wa watu barabarani, moshi, uzito wa betri na joto lake. Hapo ndipo mrithi wa kweli huzaliwa. Motokaa ya umeme haina injini ndefu ya kupachikwa nyuma ya viti. Je, kwa nini umbo lake lifuate injini isiyokuwapo?

Jambo hili si la magari tu. Ukiambiwa utengeneze kiti kama kile cha babu yako, uliza kwanza kwa nini babu alikipinda mgongo vile. Pengine alikipima kwa mgongo wake mwenyewe. Ukikinakili kwa inchi, utakuwa umenakili mgongo wa babu, na anayekikalia ni mwingine. Ukifanya kama alivyofanya, yaani ukimpima mkaaji, huenda kiti chako kisifanane na chake kabisa, na hata hivyo babu angekitambua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja makosa mawili ya Miura, na ueleze moja ambalo waliotengeneza Countach walilirekebisha.

2. Kwa nini mlango wa Countach ya kwanza uliinuka kwenda juu? Toa sababu mbili.

3. Mwaka 2006 kampuni ilikataa kuuza gari la kale lililofanywa upya. Mwaka 2021 ilikubali. Je, waona ilibadili nia kwa haki? Kila mmoja atoe maoni yake.

4. Chagua chombo kimoja kinachotumika nyumbani kwako ambacho umbo lake limerithiwa. Kifanyie zile safu tatu, uone ni alama gani ingali na kazi, na ni ipi imekuwa pambo.

Andika majibu ya kikundi chako, uyatunze mpaka somo lijalo. Kwaherini.